Bwawa limeachwa bila mwenyewe, kijito chetu kinakufa. Tulivunje au?

mtoto_wa_mtoni
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Swali langu refu, mnivumilie.

Mi niko Busia huku upande wa Uganda, kijiji chetu kimekaa kando ya kijito kinachoenda kumwagikia mto Sio, ule wa mpakani unaoishia ziwa Victoria. Jina la kijito nalifunika maana huku tunasomana. Sasa huko juu, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kuna bwawa la tuta la udongo. Wazee wetu wanaliita "damu", wamelitoa kwa kizungu, kwa hiyo ukisikia mama anasema watoto wote wako kwenye damu usikimbie polisi, wameenda kuogelea tu. Lilijengwa zamani kwa ajili ya ng'ombe na samaki, wenye mradi wakakaa miaka michache wakaondoka, hakuna aliyekabidhiwa chochote, ile valvu ya kufungulia maji chini iling'olewa ikauzwa skrapa na bomba lake likaziba tope. Tangu hapo lipo tu. Mtu amepanda mikaratusi juu ya tuta, mwingine amepanda mayugwa (magimbi) palepale kwenye njia ya maji ya ziada.

Shida yetu sisi wa chini ni hii. Kuanzia Desemba mpaka Februari kijito kinakuwa kama mkojo wa mbuzi, zamani hakikuwa hivyo, bibi yangu anasema hata kiangazi walikuwa wanachota kwa mtungi bila kuinamisha. Na hayo machache yanayofika yananuka yai bovu, mawe yamepakwa kitu cha rangi ya kutu kinateleza. Samaki wetu ningu ndo wamesahaulika kabisa, mvua ya Machi ikianza watu walikuwa wanakaa na vikapu usiku kucha wakingoja wapande, sasa mtoto wangu wa miaka kumi hajui ningu ni nini. Halafu ikinyesha kweli, maji yanakuja ghafla yamejaa hasira, chini ya daraja letu la miti yamechimba mpaka nguzo zinaning'inia.

Sasa vijana wamekasirika wanasema Jumamosi wanapanda na majembe na sululu kukata tuta, maji yaende kwao yalikokuwa yanaenda. Mi roho nusu inasema twende nusu inaogopa. Anayejua mambo haya aniambie, bwawa likivunjwa kijito kinarudi kama zamani au tunajiongezea matatizo?

jembe_halilali
Jumamosi mkate tuta, Jumapili mzikane. Usiende ndugu yangu.

mgeni254
Buda sikiza huyo wa juu. Huku kwetu Kenya tuliona Solai, Nakuru, Mei 2018, bwawa la shamba tu, tuta la udongo, lilipasuka usiku, zaidi ya watu 40 wakaenda. Hakuna mtu alikuwa amelikata na jembe, lilipasuka lenyewe mvua ilipozidi. Sasa nyinyi mnataka kulisaidia lipasuke mchana. Hapo chini ya bwawa kuna nyumba ngapi?

mtoto_wa_mtoni
@mgeni254 nyumba kama ishirini karibu na kijito, na shule ya msingi imekaa bondeni. Ndo maana nimeuliza bana.

ng_ombe_saba
Mimi nakaa juu kwenye hilo bwawa, au bwawa kama hilo, maana hadithi ni ileile. Nyinyi wa chini mnaongea kama sisi wa juu ni wezi wa maji. Nisikilizeni. Kiangazi cha mwaka jana ng'ombe wangu walikunywa wapi? Kwenye damu. Chemchemi ya pale kwa mwalimu inatoa maji mpaka Februari kwa sababu gani? Kwa sababu bwawa linanyonyesha ardhi. Mkikata, mama watoto wangu atabeba jerikani kilomita tatu. Na wapiga tofali je, na mwenye bustani ya nyanya? Haya mambo ya samaki yenu siyakatai, lakini msije na majembe bila kuongea. Mkija na majembe na sisi tutakuja na fimbo, nimesema.

fundi_tuta
Nimefanya kazi ya mabwawa ya mifugo Nakasongola na Kiruhura miaka mingi, kuchimba na kukarabati, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono. @mtoto_wa_mtoni kabla sijajibu niangalizie mambo matatu ukiweza kupanda kesho. Moja, nyuma ya tuta upande wa kwenu, mahali panapovuja, maji ni masafi au yana tope? Chota kwenye glasi uyaache yatulie. Pili, tuta lina urefu gani kwenda juu, na maji yako chini ya ukingo kiasi gani. Tatu, juu zaidi ya bwawa watu wanafanya nini: kulima, kufyatua tofali, kuosha dhahabu? Busia ni nchi ya dhahabu, usinifiche.

Na ng'ombe saba, sebo, tulia. Hoja yako ni ya kweli na itasikilizwa.

mikono_miwili
Kama ni mbu na harufu si mmwage oili chafu ya gereji juu ya maji, mbu wote wanakufa, tulifanya hivyo kambini.

fundi_tuta
@mikono_miwili afande kambini mlikuwa hamnywi hayo maji wala hamna samaki ndani. Usimwage oili kwenye maji yanayoteremka kwa watu.

mtoto_wa_mtoni
Nimerudi jamani. Nimepanda asubuhi na kijana mmoja wa LC, serikali yetu ya kijiji.

Tuta tumelipima kwa kamba yenye jiwe, ni kama mita nne pale katikati. Maji yako chini ya ukingo kama urefu wa mkono wangu tu na mvua za mwaka huu hazijaisha, na ile njia ya maji ya ziada imejaa mayugwa na mafunjo, nusu yake haionekani. Mahali panapovuja ni pawili. Pa kwanza maji masafi lakini ndo hayo ya kutu na harufu. Pa pili pako karibu na mkaratusi mkubwa, nilichota kwenye glasi, yalipotulia chini kulikuwa na udongo unene wa kucha. Kuna pia kichuguu kikubwa mgongoni mwa tuta na shimo ambalo kijana anasema ni la kenge.

Juu ya bwawa ni mahindi na mihogo mpaka ukingoni. Na ndio, dhahabu wanaosha, kuna vijana tangu kama miaka minne hivi.

fundi_tuta
Sawa. Huo udongo kwenye glasi ndo habari kubwa ya leo kuliko ningu na kuliko harufu. Maji yanayovuja yakiwa masafi tuta linatoa jasho tu, kila tuta la udongo linatoa jasho. Yakiwa na udongo maana yake tuta linaliwa kwa ndani, kidogo kidogo, mfereji unajichonga kuanzia nyuma kurudi mbele kwenye maji, na siku ukifika mbele hakuna wa kuuziba. Mizizi ya mkaratusi, mchwa na kenge wote wanasaidia kazi hiyo. Mtu asikate ule mti na kuacha kisiki pia, mizizi ikioza inaacha mabomba tayari yamechimbwa. Matawi punguzeni ili upepo usiutikise, shina lingoje mpaka maji yashushwe.

Kwa hiyo leo leo, si Jumamosi: nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, kisha ofisa wa maji na ofisa wa mazingira wa wilaya, kwa barua, na picha ya ile glasi. Shule iambiwe. Watu wa bondeni wajue wakisikia mngurumo usiku wakimbilie wapi. Na ile njia ya maji ya ziada isafishwe mpaka chini, mayugwa yatoke, huyo mama alipwe kitu kidogo kama analia. Bwawa la udongo maji yakipita juu ya mgongo wake limekwisha, saa chache tu. Njia ya pembeni ndo pumzi yake.

Sasa kwa nini msikate. Ukichimba mfereji kwenye tuta la udongo lililojaa, maji yenyewe yanachukua jembe kutoka mkononi mwako. Unaanza na upana wa futi moja, baada ya robo saa ni mita tano, na bwawa zima linateremka shuleni. Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui: hata ukimwaga bila kukata, ukishusha maji haraka, upande wa ndani wa tuta bado umelowa na mzito, na yale maji yaliyokuwa yanauegemea yameondoka, basi unaporomoka kuingia bwawani. Nimeliona kwa macho yangu na sikulala siku mbili. Mimi sivuki sentimita 30 kwa siku, na kwa tuta lenu hilo la kenge ningekwenda nusu yake.

lambo_la_babu
Salaam kutoka Dodoma. Sisi hayo mabwawa ya mifugo tunaita malambo, na hiyo njia ya maji ya ziada mafundi wetu wanaiita utoro wa maji, maana maji yanatoroka bila kupigana na tuta. Neno zuri, mchukue bure.

Mkuu mleta mada, mambo yote uliyoyataja yana mama mmoja. Ile valvu ya chini iliyouzwa skrapa ndiyo iliyokuwa inakupa maji kiangazi. Sasa maji yana mlango mmoja tu, utoro, na utoro uko juu. Mvua ikikatika jua linakunywa kila siku, kina kinashuka chini ya mlango, kwisha habari, kijito kinaishi kwa jasho la tuta. Na jasho hilo linatoka chini kabisa, kwenye tope ambako majani yameoza na hewa imekwisha. Maji yasiyo na oksijeni yanatengeneza ile gesi ya salfa, ndiyo yai bovu lako, na yanayeyusha chuma kilichomo ardhini. Yakitoka nje yakikutana na hewa, chuma kinageuka kutu na kuganda kwenye mawe. Hiyo kutu yenyewe si sumu kubwa, ila wadudu wadogo wa mtoni ambao samaki wanakula hawawezi kukaa humo, wamefunikwa blanketi.

Hata daraja lako. Mchanga wote unaoteremka unabaki bwawani. Maji yakimwagika hayana mzigo, basi yanachukua mzigo mwingine kwako, kwenye kingo na chini ya nguzo. Uliza wachimba mchanga wa kwenu kama bado wanapata mchanga.

mtoto_wa_mtoni
@lambo_la_babu umenishtua mzee, wachimba mchanga walihama kitambo, tulidhani ni uvivu.

mama_vht
Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, nyanya wa wajukuu sita, naandika polepole mnisamehe.

Kwenye hayo maji yaliyolala mimi naona kichocho. Konokono wadogo wanapenda ukingo wenye majani na maji yasiyokwenda, kijitoni zamani walikuwa wachache kwa sababu maji yalikuwa yanawasukuma. Watu wanajisaidia porini, mvua inasukuma bwawani, mdudu anaingia kwa konokono, anatoka anatafuta ngozi ya mtu. Na watoto wanaenda kuogelea saa sita mchana, ndio saa ambayo wale wadudu wametoka kwa wingi! Wazazi wananiambia nyanya huyu hakojoi damu, basi hana kichocho. Hapana wanangu. Kichocho cha kwetu huku zaidi ni cha tumbo, angalia choo kikubwa kama kina damu, tumbo linalovimba, mtoto amechoka darasani. Dawa ipo, praziquantel, inatolewa kwa kumpima urefu au uzito, lakini akipona leo kesho akarudi kuogelea anaanza upya.

Wanaochota maji ya kuoga hapo, yaacheni ndani ya ndoo iliyofunikwa siku mbili, bila konokono ndani, hao wadudu wanakufa wenyewe. Ya kunywa chemsheni, kichocho si ugonjwa peke yake hapo.

Na mbu nao. Mnapotaka kumwaga maji muangalie, bwawa likishuka linaacha vidimbwi vingi kwenye nyayo za ng'ombe, jua linapiga, mbu wa malaria anapenda hapo kuliko kwenye kina. Wiki moja au mbili tu yai limekuwa mbu. Mvifukie au mvifungulie mfereji.

jembe_halilali
Nyanya umesema yote. Mtoto wangu alimeza vile vidonge akasema vinanuka kuliko bwawa lenyewe, nikampa mkate kwanza akakubali.

nilikuwa_mgodini
Nimesoma mpaka hapa nikasema niingie. Mi nimeosha dhahabu miaka sita maeneo ya Tiira na kwingine, nimeacha. Nitasema ukweli ambao wenzangu watanichukia.

Ule mchanga mzito tunaukanda na zebaki kwa mikono ndani ya karai, zebaki inashika dhahabu, tunaikamua kwenye kitambaa kisha tunachoma. Ukikanda, sehemu ya zebaki inapasuka punje ndogo ndogo hata huzioni zinaenda na maji ya kuoshea. Zinaenda wapi? Kijitoni. Kijito kinaenda wapi? Kwenye hilo damu lenu. Na zebaki ni nzito, inazama inakaa kwenye tope. Kwa hiyo mkikata tuta mnadhani mnafungulia maji, kumbe mnafungulia miaka minne ya kazi yetu iteremke kwenye mashamba ya mpunga na mto Sio wote mpaka ziwani.

Kuna jamaa aliyesoma alikuja kutuambia zaidi, kwenye tope lisilo na hewa vijidudu vinaigeuza hiyo zebaki kuwa aina nyingine mbaya zaidi inayoingia kwenye samaki, mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa anaihifadhi. Kamongo na kambale wazee ndo wanabeba nyingi. Mi siwaambii watu waache samaki wote, ila kamongo mkubwa wa bwawa hilo mjamzito na mtoto mdogo wamwache mpaka tope lipimwe. Nilikuwa nacheka nikisikia maneno haya. Sasa mikono yangu inatetemeka nikishika kikombe na sina hakika ni kwa nini, sicheki tena.

ng_ombe_saba
Eh. Hao vijana tunawajua na ni watoto wetu. Hili la zebaki hakuna aliyetuambia hata siku moja.

mtoto_wa_mtoni
Bannange. Sasa fundi hapo tunafanyaje? Kulivunja ni sumu, kuliacha linaliwa na kenge, na sisi chini tunanuka.

fundi_tuta
Hapo sasa ndo tunaongea. Asante mgodini, umesema kitu ambacho ofisi nyingi zingetumia mwaka mzima kukigundua.

Kwanza tope lipimwe kabla ya mtu kugusa chini. Maabara ya maji ya wizara iko Entebbe, na ya mkemia wa serikali iko Wandegeya Kampala, ila msibebe ndoo ya tope kwenye taksi, pelekeni ombi kupitia ofisa wa mazingira wa wilaya ili sampuli ichukuliwe na mtu anayejua na majibu yawe na mhuri.

Wakati mnangoja, maji yashushwe kidogo bila kukata tuta. Mnaweza kutumia paipu ya plastiki ya inchi nne au sita, inapita juu ya mgongo wa tuta, mdomo mmoja ndani ya bwawa, mwingine chini zaidi upande wa kwenu. Mnaijaza maji imejaa kabisa, mnafunga pande zote mbili, mnazifungulia kwa pamoja, inajivuta yenyewe bila pampu. Ni kama vile vijana wanavyovuta petroli kwenye tangi, sijui kama wanajua hesabu yake lakini ndo hiyohiyo. Kunyanyua kusizidi mita tano hivi na viungo visivuje hewa hata kidogo, hewa ikiingia inakata. Hapo mko salama, nyinyi mna chini ya mita moja ya kunyanyua.

Mdomo wa ndani msiuweke chini kwenye tope wala juu kabisa. Chini ndo kuna harufu na zebaki, juu kuna maji ya moto na ule ukijani. Ufungeni kwenye jerikani tupu lielee, ushuke katikati ya kina. Na unakotoka, upige kwenye mawe, maji yarukeruke yapate hewa kabla ya kuingia kijitoni. Mkifanya hivyo harufu itapungua na kiangazi hiki mtaona maji, kwa sababu kwa kweli mmeirudisha ile valvu iliyouzwa.

Mkishusha kama mita moja na nusu, uzito kwenye tuta unapungua sana, ng'ombe bado wanakunywa, tope bado limefunikwa. Hapo ndo wenye ujuzi waje waamue: kukarabati, au kuliondoa kabisa kwa hatua. Kuondoa kunawezekana. Kule Marekani mto Elwha waliondoa mabwawa mawili kati ya 2011 na 2014, wakayashusha kwa vipande, wanakata wanapumzika, wanakata wanapumzika ili tope lisije lote kwa siku moja, na samaki wa baharini wakarudi juu. Lakini wao walipima kwanza miaka mingi.

kilima_cha_kabale
Naongezea kutoka huku milimani. Tulikuwa na kituo cha umeme cha Maziba, kidogo tu, kama megawati moja. Hakikuuawa na vita wala na skrapa, kiliuawa na majembe yetu, tunalima mteremko mpaka mtoni, udongo wote ukaingia bwawani, mashine zikasimama. Kwa hiyo hata mkikarabati, kama mahindi yako mpaka ukingoni ni kazi bure. Sheria ya mwaka 2000 inasema mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo zisiguswe, ile mito mikubwa iliyotajwa ni 100. Najua hakuna anayefuata. Najua pia kila mtu anajua nani haifuati. Sisi tulianza na matete na majani ya tembo, ya ng'ombe, ndo watu wakakubali kwa sababu ni chakula cha ng'ombe.

mgeni254
Na ningu je? Mbona mmewasahau, mi nimekuja kwa ajili ya ningu, mamangu ni wa upande wa Samia hawa samaki ni dini.

lambo_la_babu
Ningu ni wa kupanda. Mvua ikianza anatoka ziwani anapanda mtoni kutaga kwenye nyasi zilizofurika, akikuta ukuta anagonga pua anarudi na mayai yake. Tusiseme ni bwawa hili pekee lakini, nyavu za midomoni mwa mito zilimmaliza kabla ya mabwawa mengi kujengwa. Kwa upande wa bwawa kuna njia moja si ghali: huo utoro mkishausafisha msiuache uanguke kama ngazi ya nyumba. Uteremsheni kwa mawe makubwa, mteremko mlegevu, maji yapite katikati ya mawe na kutulia kwenye vidimbwi, samaki apumzike. Akiweza mtoto wa miaka mitano kupanda bila kushikwa mkono, na ningu ana nafasi.

ng_ombe_saba
Hiyo ya mawe mimi nakubali. Mawe yapo shambani kwangu mengi, yananisumbua kulima. Mje myachukue. Majembe myaache nyumbani.

mtoto_wa_mtoni
Jamani nimerudi, ni Januari, nilisema nitaleta habari.

Ile Jumamosi haikutokea. Nilisoma hii mada kwa sauti kwenye mkutano wa LC, nikatafsiri vipande kwa lugha yetu, nilipofika kwenye maneno ya mgodini pakawa kimya mpaka tukasikia kuku. Mama wa mayugwa alilia kweli, tukamchangia, kisha akaja kuyang'oa mwenyewe kwa hasira na akayauza palepale kwetu kwa hiyo sijui nani alimlipa nani. Utoro uko wazi. Mvua ya mwisho ya Novemba maji yalipita pembeni bila kugusa mgongo wa tuta, tulikaa na tochi tukiangalia.

Paipu tulipata ya inchi nne, nusu ilinunuliwa na mzee mmoja wa juu mwenye ng'ombe (si saba, wake ni kumi na moja, lakini nadhani anasoma humu). Mara ya kwanza ilikata, mara ya pili ilikata, mara ya tatu kijana akapaka mafuta ya mgando na mpira wa baiskeli kwenye viungo ikavuta. Tumepigilia mti wenye alama majini, unashuka kama upana wa kiganja kwa siku. Lile shimo lenye udongo bado linavuja ila glasi ya wiki hii ilikuwa safi zaidi, nachota kila Jumapili. Ofisa wa wilaya alikuja, akapiga picha, akasema sampuli ya tope itachukuliwa, tunangoja. Vijana wa dhahabu wamehamisha karai zao mbali na maji, zebaki bado wanatumia, siwezi kudanganya.

Kijito kina maji Januari. Si mengi, yanafika kifundo cha mguu. Harufu ipo asubuhi tu. Bibi amekwenda kuangalia akasema bado ni mkojo, ila sasa wa ng'ombe.

fundi_tuta
Hahaha mpe bibi salamu. Kiganja kwa siku ni mwendo mzuri, msiongeze. Ule mdomo wa ndani mmeuvalisha wavu? Kama bado valisheni leo, kambale anapenda shimo lolote lenye giza, ataingia akwame na paipu itakata usiku. Mimi nimewahi kumtoa mmoja kwa fimbo ya mwanzi, alikuwa ameshanenepa humo ndani.